Nani Kawasha Pasi?

Mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamume wa tai fupi, aliwahi kuniuliza mbele ya wanafunzi wake kitabu cha kuchekesha kinamsaidia nini kijana anayejitafuta. Alilitamka hilo "anayejitafuta" kwa uzito mkubwa, na wanafunzi wa viti vya nyuma wakaanza kucheka, kwa sababu kijana huyo alikuwa mmoja wao na wote walimjua. Nikamjibu kwamba hakimsaidii kitu. Hakufurahi. Mimi nami sikwenda kumfurahisha. Nilialikwa nisome kurasa tano, ninywe soda, niondoke.

Naandika riwaya za vijana. Ndani yake kuna watoto wa kidato cha pili wanaoamka kila Jumatatu wakiwa watu wengine: wiki hii msanii, wiki ijayo fundi simu, wiki inayofuata mcha Mungu asiyesalimiana na wasichana. Watu wazima huvinunua vitabu hivi wakidhani vina mafunzo. Vijana huvisoma kwa sababu vinachekesha, kisha huazimana mpaka majalada yanabanduka. Lile swali la mwalimu jibu lake ninalo, ila ni refu kuliko muda aliokuwa nao, na linaanzia kwa mwenye nyumba wetu.

Tulipanga Kariakoo, chumba kimoja na nusu, ndani ya nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa pande tatu. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ua nyuma. Jua lilitufikia saa sita mchana, likasalimia, likaenda zake. Baba alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za ghorofa moja mtaa wa pili, na kutwa nzima alizungumza na skrubu zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Mama alikuwa Msambaa wa Lushoto. Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tano, kidato cha tatu, mwenye mdomo ambao walimu waliuandikia barua nyumbani mara mbili.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kizaramo, aliyezaliwa chumba cha kwanza kulia na aliyekusudia kufia humo humo. Alivaa kanzu, na juu ya kanzu koti la sufu la kahawia, mwaka mzima, Dar es Salaam hii hii tunayoijua. Alijisifu jambo moja tu. "Mimi mtoto wa mjini," alisema, na kama kuna mtu mpya barazani alirudia. "Mimi haniingizi mtu mjini." Maana yake hakuna tapeli aliyewahi kumpata, si wa simu feki, si wa viwanja, si wa kitu chochote. Tulimwamini. Kariakoo mtu wa hivyo ni nadra, wengi wetu tumepigwa hata na watu tunaosali nao.

Umeme wa nyumba nzima ulipita kwenye mita moja ya luku, tokeni akinunua mzee, na adui wake alikuwa pasi. Jiko la umeme alilivumilia, feni aliisamehe, lakini pasi hapana. Kila asubuhi alisimama mwanzo wa korido, akakohoa mara tatu ili wanawake wajifunike, akainua pua juu. "Nani kawasha pasi?" Kisha akapita mlango kwa mlango, anagonga kwa fimbo. Kila mpangaji alikuwa na jibu lake, na jibu halikubadilika. La baba lilikuwa hili: "Mimi Mnyamwezi, mzee, nina nguo gani ya kunyoosha?" Na mzee alimjibu kutoka nje, "Kweli, mpagazi hahitaji pasi, mzigo unamnyoosha!" Akacheka peke yake, akaenda mlango unaofuata.

Pasi tulikuwa nayo, kusema kweli. Ilikaa chini ya kitanda, ndani ya ndoo, imefunikwa taulo. Wapangaji wote walikuwa nazo. Mzee akimkamata mtu hakugomba wala hakuita kikao. Alisema neno moja tu, "Zima," na mtu alizima na aibu yake. Baba peke yake hakuwahi kukamatwa, kwa sababu alinyoosha mzee akiwa msikitini.

Hayo ya mpagazi yalikuwa utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipoteremka pwani na mizigo kichwani wakawakuta Wazaramo njiani. Wakasumbuana wee, mwisho wakaona heri kutukanana. Mtani anaweza kukwambia lolote, akakunyang'anya hata tonge mkononi, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kazi yake kubwa iko msibani. Yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu, akatembea mwendo wake, akakohoa kikohozi chake, mpaka wafiwa wacheke. Ni haki yake na ni wajibu wake. Asiye mtani akijaribu hayo, amemtukana maiti, na mtaa utamsimulia mpaka kwa wajukuu zake.

Kwa mtoto wa miaka kumi na tano mwenye mdomo kama wangu, hii ilikuwa bahati ya ajabu. Asubuhi nilikuwa natoka na begi la shule, napiga goti kidogo. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mpagazi. Leo umebeba nini, pembe za ndovu?" "Nimebeba akili, babu, nyinyi Wazaramo nasikia zimewaishia kwenye ngoma." Alikaa chini kwa kicheko. Shuleni maneno hayo yangenipatia fimbo tatu. Barazani yalinipatia chapati ya mkewe.

Halafu akaliona kaunta buku langu. Lilikuwa daftari la hisabati, ila hisabati ziliishia ukurasa wa tisa. Kuanzia wa kumi ilikuwa habari ya mvulana anayejaribu kuwa kila mtu: mara kanyoa denge, mara kafuga rasta, mara anajifanya mwekezaji na hana nauli. Mzee alilinyakua mkononi mwangu, maana ni haki ya mtani, akavaa miwani yake yenye mkono mmoja wa uzi, akasoma. Alicheka mpaka watu wa mikokoteni wakasimama kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya sala ilikuwa "Leta." Nilimletea sura moja kila wiki kwa karibu mwaka mzima. Sijapata tena msomaji wa namna hiyo, na wahariri nimewaona wengi.

Alikuwa na lawama moja. "Huyu mtoto wako anajigeuza kila wiki na hakuna anayemcheka usoni. Hana mtani? Mtu asiyetaniwa atajijuaje? Mpe mtani kwanza, ndio umalize." Sura ya mwisho ilinishinda kwa sababu hiyo. Mvulana alikuwa amekuwa kila kitu na sikujua ni nani. Mzee akanipa siku: Ijumaa, bila kisingizio.

Wiki hizo alikuwa anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha korido. Siku moja akanishika mkono. "Nikifa, wewe utavaa koti hili. Utapita korido yote. Usije ukanililia, waliaji watakuwepo wengi." Nikamwambia koti lenyewe nitalichoma moto. "Basi livae kwanza, ndio ulichome," akasema. Tukapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Nilimwahidi, na nilimaanisha.

Alifariki Jumatano alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Nililia chooni, bomba likiwa wazi ili nisisikike, kwa sababu nilikatazwa kulia.

Alhamisi asubuhi baba akaniita chumbani, akafunga mlango. Mama alikuwa ameketi kitandani, anatazama mikono yake.

"Kesho tanga linaondolewa," baba akasema. "Watakutazama wewe. Huendi."

"Baba, nilimwahidi."

"Najua. Huendi. Sisi si Wanyamwezi."

Nilicheka. Nilidhani na yeye kaanza utani kwa sababu ya msiba, watu hupatwa na mambo. Hakucheka. Akanieleza, kwa sauti ile ya kuzungumza na skrubu. Yeye ni Muha. Alitoka Kigoma na treni akiwa kijana, ana begi moja na bisibisi. Siku mbili alitafuta chumba. Kila mlango aliobisha walisikiliza lafudhi yake, wakamuuliza kwao wapi, kisha wakamuuliza kama ana uhakika hajavuka mpaka kutoka Burundi. Siku ya tatu akafika kwenye hili baraza. Mzee akamtazama vumbi la treni, hakuuliza lafudhi wala mpaka, akapiga kelele: "Eee, Mnyamwezi huyu! Mizigo umeiweka wapi? Karibu mjini, mpagazi!" Akamletea maji.

"Nilikuwa sijachekewa tangu nishuke stesheni," baba akasema. "Nikacheka. Nikasema ndiyo. Nilitaka nimwambie kesho yake. Kesho ikawa miaka ishirini."

"Na mama?"

"Mama yako anajua."

Upande wa mama haukusaidia. Kabila, kwa hesabu za mtaa wetu, ni la baba, na Waha na Wazaramo kwa hesabu hizo hizo hawakuwa na utani wowote. Nilikasirika, nasema wazi. Hasira yenyewe haikuhusu kabila. Sikuwahi kufika Tabora wala Kigoma, na kote sijui hata njia ya sokoni. Ilihusu asubuhi zile zote. Kama sikuwa mtani, basi nilikuwa nani? Nilikuwa mtoto mwenye mdomo mchafu aliyemtukana mzee wa watu kila siku kwenye baraza lake mwenyewe, na mzee akamlipa chapati.

"Ukivaa lile koti," baba akasema, "utakuwa unamdanganya mtu aliyekufa. Mimi nimemdanganya hai, inatosha."

Siku ile sikula. Nilitoa kaunta buku, nikaandika mstari mmoja wa sura ya mwisho, nikaufuta. Mvulana wangu alikuwa anajitafuta kwa vichekesho na mimi nilitamani kumzaba kibao.

Ijumaa, baada ya dua, wanaume walibaki nje chini ya turubai na wanawake wakajaa korido na ua. Baba aliaga kwamba kichwa kinamuuma, akaingia chumbani, akajifungia. Sahani za pilau zikaondolewa. Ukafika ule wakati ambao watu wote wanakaa kimya wakijifanya hawasubiri kitu. Bibi mmoja Mnyamwezi wa kweli, aliyetoka Magomeni kwa bajaji na ambaye marehemu alimtania ujana wote, alikuwa amekaa karibu yangu. Akanigonga bega.

"Mtani mwenzangu, mimi magoti yamenitangulia kaburini. Inuka wewe."

Wanawake wakageuka. Nikainuka, kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya zaidi, nikaenda chumba cha kwanza kulia, alikokaa eda mjane wa mzee. Alikuwa kwenye mkeka, amevaa nyeupe, mdogo kuliko nilivyomjua. Koti lilikuwa limekunjwa pembeni yake na fimbo juu. Alikuwa ameniwekea.

"Nilikuwa nakungoja, mjukuu wangu," akasema. "Siku tatu nyumba hii haijakohoa."

Nilipiga magoti. Ningeweza kulichukua, nikavaa, na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Lakini baba alikuwa amesema inatosha.

"Bibi, nisamehe. Siwezi. Mimi si Mnyamwezi. Baba si Mnyamwezi."

Akanitazama. "Si Mnyamwezi?"

"Ni Muha, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe."

Kule nje mtu alikuwa anapanga sufuria. "Na marehemu alikuwa anajua?"

"Hakujua, bibi. Baba alimwitikia siku ya kwanza, akashindwa kurudi nyuma."

Akavuta kanga yake nyeupe akajifunika mdomo. Mabega yakaanza kutikisika, nami nikajua nimemliza mjane siku ya tatu ya msiba, na kwamba hilo ndilo nitakalosimuliwa nalo mpaka kwa wajukuu. Nikanyoosha mkono nimshike. Hapo ndipo sauti ilipomtoka, na haikuwa kilio.

"Mtoto wa mjini!" akasema. Pumzi ikamkatika, akaitafuta, akaipata. "Mimi haniingizi mtu mjini! Miaka ishirini! Kaingizwa mjini na kijana wa kwenye treni, barazani kwake mwenyewe, na chumba akampa! Yallah, mume wangu!"

Alicheka mpaka akaanguka ubavu. Wanawake wakaingia mbio wakidhani amezimia. Akawaambia yeye mwenyewe, vipande vipande, huku anajifuta machozi, na kila aliyesikia alitoka kuwaambia wa nyuma. Niliisikia habari ya baba ikitembea korido nzima mpaka uani, na nikataka ardhi ipasuke.

Waliokuwa na mashaka walimgeukia bibi wa Magomeni, maana utani ulikuwa mali yake na yeye ndiye aliyeibiwa. Alikuwa ameletwa mlangoni, ameshikwa huku na huku. Alifikiri kidogo.

"Sisi Wanyamwezi tumewatania Wazaramo tangu babu zetu," akasema, "na hatujawahi kumpiga mmoja wao namna hii. Mpeni mtoto koti."

Koti lilinifika magotini. Lilinuka ubani na dawa ya kikohozi, na mfukoni nilikuta karatasi za tokeni za umeme, zimekunjwa nne nne. Nikashika fimbo. Nikasimama mwanzo wa korido, nikakohoa mara tatu. Wanawake wawili wakajifunika kwa mazoea. Nikainua pua.

"Nani kawasha pasi?"

Vicheko viliniangukia kama mvua juu ya bati. "Nimeondoka siku tatu tu," nikasema kwa sauti yake, na sauti ilikuja yenyewe, "siku tatu, mita inakimbia utadhani inafukuzwa na mgambo! Mnamnyooshea nani? Mimi nimevaa sanda, sanda hainyooshwi!" Mjane alikuwa amesogea mpaka mlangoni kwake, anasikiliza nyuma ya pazia, anapiga mkeka kwa kiganja. Nikagonga mlango wa pili, mpangaji akajibu jibu lake. Nikagonga wa tatu. Kuna mama alijibu huku analia, lakini alijibu. Nilikuwa nafanya kazi niliyoahidi na nilikuwa naiweza, na nilifahamu kwa mwili mzima, pale pale, kwamba sitafanya nyingine.

Mlango wa mwisho kushoto ulikuwa wetu.

Korido ikanigeukia. Wote walikuwa wamekwisha kusikia, na wote walijua ni nani aliyejifungia. Nikagonga kwa fimbo.

"Wewe! Nasikia harufu ya pasi humu."

Nikagonga tena, na ndani ya koti la marehemu nilikuwa mtoto tu anayemwomba baba yake asimwache amesimama peke yake.

Kisha sauti yake ikatoka, imekwaruza. "Mimi Muha, mzee," akasema. "Nina nguo gani ya kunyoosha?"

Nilitakiwa nijibu. Jibu la mzee nililijua tangu sijaota meno, lakini lilikuwa la Wanyamwezi, la mpagazi na mzigo wake. Nikatafuta tusi la Waha na sikuwa nalo hata moja, hakuna aliyenifundisha. Machozi niliyokatazwa yakaanza. Nikasema kitu pekee ambacho najua mzee angekisema kwa mtu aliyefika barazani kwake na begi moja.

"Basi karibu mjini, Muha."

Komeo likavutwa. Baba alisimama mlangoni na fulana ya ndani, uso umelowa. Nyuma yake juu ya meza lilikuwa shati lake jeupe la Ijumaa, limenyooshwa upande mmoja, na mkononi ameishika pasi, waya umenyooka mpaka ukutani.

Korido nzima ikapiga yowe. "Kumbe ndiye!" akasema bibi wa Magomeni.

"Nilikuwa najiandaa," baba akasema. Hakuwaambia wao, aliniambia mimi. "Nilitaka nitoke niwaambie mwenyewe. Sikutaka niwaambie na shati la mikunjo."

Nilikohoa mara tatu ili nipate sauti.

"Zima," nikasema.

Baba akazima.